Barafu Ndani ya Kiyoyozi: Somo la Joto na Halijoto

Kuna aina ya kiyoyozi ambayo hupendwa na ofisi ndogo, maduka ya dawa na vyumba vya kompyuta vya shule katika miji ya mwambao, kwa sababu haihitaji kutobolewa ukuta wala kufungwa na fundi. Husimama sakafuni juu ya magurudumu, kimo chake yapata kiuno cha mtu mzima, na mgongoni mwake hutoka bomba nene la plastiki lenye mikunjo, ambalo hupitishwa dirishani ili kutoa nje hewa ya moto. Mashine hii ina ugonjwa mmoja unaowasumbua wengi. Baada ya kufanya kazi saa moja au mbili, upepo wake hufifia, chumba huanza kurudia joto lake, na mtu akichungulia nyuma ya chujio hukuta mabomba yaliyomo ndani yamevikwa barafu nyeupe. Mashine ikizimwa, barafu huyeyuka na maji hutapakaa sakafuni. Ikiwashwa tena, mambo huwa yale yale.

Watu wakiiona barafu hiyo hutoa hukumu mojawapo kati ya mbili. Wengine husema kwamba mashine ina nguvu mno, ati inapoza kupita kiasi. Wengine humwita fundi, naye huongeza gesi, hupokea malipo yake na kwenda zake. Wiki chache baadaye barafu hurudi, na fundi huitwa tena. Hukumu ya kwanza ni kosa tupu. Ya pili huweza kuangukia ukweli kwa bahati, lakini mara nyingi haina msingi, na kama itakavyoonekana mbele, katika viyoyozi vipya vya aina hii inaweza kuleta moto nyumbani. Barafu si dalili ya ubaridi kuzidi. Ni dalili kwamba mashine inaondoa joto kidogo kuliko inavyopaswa, ingawa sehemu zake za ndani zimekuwa baridi kuliko kawaida. Ajabu hiyo, ya kitu kuwa baridi zaidi huku kikipoza kidogo zaidi, yaweza kufumbuliwa na mwanafunzi yeyote aliyekwisha kufundishwa tofauti kati ya joto na halijoto.

Safari ya gesi

Kiyoyozi hakitengenezi ubaridi, kwa kuwa ubaridi si kitu cha kutengenezwa. Kazi yake ni kulichukua joto lililomo chumbani na kulimwaga nje. Mchukuzi wa joto hilo ni ile inayoitwa na mafundi gesi, ingawa katika sehemu ya safari yake huwa ni kiowevu. Gesi hiyo huzunguka katika mabomba yaliyofungwa pande zote. Kompresa huisukuma na kuibana hadi iwe na kanieneo kubwa na halijoto ya juu. Kisha huingia katika koili ya moto, ambako hupepewa, hupoteza joto lake na kuwa kiowevu. Kiowevu hicho hulazimishwa kupita katika neli nyembamba sana, na kinapotokea upande wa pili huwa kimeponyoka ile kanieneo kubwa. Hapo huingia katika koili ya baridi, huchemka, na kugeuka tena mvuke, ambao huvutwa na kompresa ili safari ianze upya.

Neno "huchemka" lisimshangaze msomaji. Watu wamezoea kuhusisha mchemko na moto, lakini kiwango cha mchemko hutegemea kanieneo. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi pale Tanga, juu ya kilele cha Kilimanjaro huchemka kwa nyuzi 80 hivi, kwa sababu kanieneo ya hewa huko ni ndogo. Propani, ambayo ndiyo gesi inayotumika siku hizi katika viyoyozi vingi vya magurudumu, huchemka kwa nyuzi 42 chini ya sifuri ikiwa katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Ikibanwa hadi kilopaskali 551, huchemka kwa nyuzi 5 juu ya sifuri. Ikiwa kwenye kilopaskali 474, huchemka kwa nyuzi sifuri kamili. Na kanieneo ikishuka hadi kilopaskali 345, mchemko huwa nyuzi 10 chini ya sifuri. Namba hizi nne zafaa kuandikwa ubaoni na kuachwa hapo mpaka mwisho wa somo.

Kila kiowevu kinapogeuka mvuke hudai joto, na joto hilo halionekani katika kipimajoto. Joseph Black, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow huko Uskoti, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa vipimo katika miaka ya 1760, na joto hilo likaitwa joto fiche. Mtungi wa udongo hupoza maji ya kunywa kwa njia hiyo hiyo. Hata mama lishe anayepikia jiko kubwa la gesi amekwisha kuliona: jiko likiwaka kwa nguvu kwa muda mrefu, mtungi wa gesi hutoka jasho upande wa chini, mahali pale kilipo kiowevu kinachochemka ndani. Gramu moja ya propani inayochemka karibu na nyuzi 5 hufyonza yapata jouli 370. Koili ya baridi ya kiyoyozi ni mtungi huo wa mama lishe, isipokuwa hapa gesi haichomwi, bali hurudishwa na kutumiwa tena na tena.

Maji yatoka hewani

Barafu haiwezi kuwapo bila maji, na maji haya hayatoki katika mashine. Yamo katika hewa ya chumba. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 yaweza kubeba gramu 30 za mvuke wa maji; ikiwa na nyuzi 20 hubeba gramu 17; ikiwa na nyuzi 10 hubeba gramu 9 na kitu; na ikifikia sifuri haiwezi kubeba hata gramu 5. Kinachozidi hapana budi kidondoke. Halijoto ambayo mvuke wa hewa fulani huanza kugeuka matone huitwa kiwango cha umande.

Na ichukuliwe mfano wa chumba chenye nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 70, hali ambayo ni ya kawaida mwambao. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo ina gramu 18 za mvuke, na kiwango chake cha umande ni nyuzi 21 hivi. Koili ya kiyoyozi kizima huwa kati ya nyuzi 5 na 10. Kwa hiyo lazima ilowe. Mashine ndogo ikipitisha mita za ujazo 250 za hewa kwa saa, na hewa hiyo ikatoka ikiwa na nyuzi 12, kila mita ya ujazo itakuwa imeacha nyuma gramu 7 na zaidi za maji. Kwa saa moja hayo ni karibu kilo 1.8. Kuugeuza mvuke huo kuwa maji huilazimisha mashine kuondoa joto kwa kasi ya wati 1,200 hivi. Kuipoza hewa yenyewe kutoka nyuzi 27 hadi 12 huhitaji wati 1,250. Maana yake ni kwamba takriban nusu ya kazi ya kiyoyozi katika mwambao ni kukausha hewa. Jambo hili halipasi kustaajabiwa, kwa sababu kukausha hewa ndiko kulikokizaa kiyoyozi: mwaka 1902 Mmarekani Willis Carrier alibuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji mjini Brooklyn, ambako karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa kwa unyevu, hata rangi zikakataa kukaa mahali pake.

Kiyoyozi cha magurudumu chenye bomba moja kina upungufu wake mwingine katika jambo hili. Hewa inayotupwa dirishani ilikuwa hewa ya chumbani. Ikitoka, nafasi yake hujazwa na hewa ya nje inayopenya chini ya mlango na katika nyufa za madirisha, nayo huja na joto na unyevu mpya. Mashine hukausha chumba kwa mkono mmoja na kukirutubisha kwa unyevu kwa mkono wa pili.

Kwa kawaida maji hayo hudondoka katika sinia iliyo chini ya koili, na katika mashine nyingi hurushiwa koili ya moto ili yageuke mvuke na kutoka pamoja na hewa ya bomba. Wakati wa masika sinia huweza kujaa na mashine kujizima yenyewe. Hilo ni tatizo jingine, na dawa yake ni kufungua kizibo cha chini na kuyamwaga maji; lisichanganywe na tatizo la barafu.

Barafu huzaa barafu

Maadamu koili iko juu ya nyuzi sifuri, maji hudondoka na hakuna madhara. Ikishuka chini ya hapo, matone huganda palepale. Mwanzoni hutokea sakitu, yaani utando mweupe kama unga, katikati ya mapezi membamba ya alumini yanayozizunguka neli za koili. Nafasi kati ya pezi na pezi ni kama milimita moja au mbili tu. Sakitu ikiijaza nafasi hiyo, hewa haina pa kupita.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka kuwa mduara. Hewa ikipungua, joto linaloifikia koili hupungua. Joto likipungua, gesi iliyomo ndani huchemka pole pole na mvuke wake huwa kidogo. Kompresa, ambayo haijui kilichotokea, huendelea kuuvuta mvuke kwa kasi ile ile, na kanieneo ndani ya koili hushuka. Kanieneo ikishuka, kiwango cha mchemko hushuka nacho, kama zile namba za ubaoni zinavyoonyesha. Koili huzidi kuwa baridi, barafu huongezeka, hewa hupungua tena. Barafu yenyewe hupitisha joto kwa shida, karibu mara mia moja chini ya alumini, na sakitu iliyojaa vijishimo vya hewa ni mbaya zaidi. Lakini kosa lake kubwa ni kuziba njia.

Huenda mwanafunzi akauliza kwa nini kidhibiti cha halijoto kisiizime mashine. Kidhibiti hicho hupima hewa ya chumba, na chumba bado kina joto. Kadiri barafu inavyoongezeka ndivyo chumba kinavyokosa kupozwa, na ndivyo kidhibiti kinavyozidi kuamuru kompresa iendelee. Hatima yake ni mbaya. Gesi isiyopata joto la kuigeuza mvuke hurudi katika kompresa ikiwa bado kiowevu, na kompresa imeumbwa kubana mvuke. Kiowevu hakibaniki. Huosha mafuta ya kulainishia, na huweza kuvunja vali. Katika mashine za aina hii kompresa ikifa, ukarabati wake mara nyingi haulipi, na shule hubaki na sanduku la plastiki lenye magurudumu.

Kitendawili cha gesi pungufu

Chanzo cha pili cha barafu ni kigumu kuaminika. Gesi ikivuja na kupungua, akili ya kawaida hutazamia koili iwe na joto, kwa kuwa kinachopoza kimepungua. Kinyume chake, sehemu ya koili hushuka chini ya sifuri.

Maelezo yake ni haya. Kompresa huvuta ujazo uleule wa mvuke kila sekunde. Gesi ikiwa pungufu, gramu chache tu hupenya katika neli nyembamba na kuingia katika koili. Kompresa huendelea kuvuta, na kanieneo hushuka mpaka mvuke unakuwa mwepesi kiasi kwamba ujazo unaovutwa kwa sekunde moja una gramu zile zile chache zilizoingia. Ikiwa usawa huo unapatikana kwenye kilopaskali 345, basi kiowevu kidogo kilichopo kitachemka kwa nyuzi 10 chini ya sifuri. Lakini ni kidogo. Huisha chote katika mizunguko ya kwanza ya koili, na sehemu iliyosalia hupitiwa na mvuke mkavu ambao hauna joto fiche la kudai. Kona moja ya koili huganda. Sehemu nyingine hubaki na joto la chumba.

Kwa hiyo halijoto ya kona ile ni ya chini kuliko ilivyokuwa mashine ilipokuwa nzima, na kiasi cha joto kinachoondolewa chumbani ni kidogo kuliko zamani. Mambo hayo mawili hayapingani. Njiti ya kiberiti iwakayo ina halijoto ya juu kuliko sufuria ya maji yanayochemka, lakini hakuna aliyewahi kupika ugali kwa njiti moja. Halijoto hueleza jinsi kitu kilivyo moto au baridi. Joto hueleza kiasi cha nishati kinachopita. Anayeipima afya ya kiyoyozi kwa kugusa mahali penye barafu amepima halijoto, naye alitaka kujua joto.

Neli nyembamba ikizibwa kwa sehemu, na uchafu au na unyevu ulioachwa ndani, matokeo huwa yale yale, kwa kuwa koili hupata gramu chache vilevile.

Kutafuta chanzo

Kwanza barafu iyeyushwe. Mashine iwekwe katika hali ya feni peke yake, sinia ikingwe, na isubiriwe hadi koili iwe wazi kabisa. Barafu isichokolewe kwa kisu wala bisibisi. Mapezi ni membamba kama karatasi na neli za ndani hazina unene wa kustahimili ncha ya chuma. Tundu moja dogo hugeuza tatizo la chujio kuwa tatizo la gesi.

Chujio ndilo la kutazamwa kabla ya kitu kingine chochote. Ni wavu unaochomolewa kwa mkono, na katika chumba cha vumbi la chaki au karibu na barabara isiyo na lami huziba kwa majuma machache. Huoshwa kwa maji na sabuni kidogo, hukaushwa kivulini na kurudishwa. Nyuma yake, mapezi yenyewe yatazamwe kwa tochi; mashine iliyokaa karibu na jiko hupata utando wa mafuta ambao vumbi hugandia, na huo huondolewa kwa brashi laini. Mashine isisukumwe hadi ikagusa pazia au kabati, bali iachiwe nafasi ya nusu mita nyuma yake. Feni iwekwe kwenye kasi kubwa. Wengi huipunguza usiku ili wasisumbuliwe na mlio, wakati huo huo wakiiamuru mashine ifikie nyuzi 16. Hiyo ni kuikaba koo na kuitaka iimbe. Feni ikisikika kuanza kwa uzito, au kuzunguka pole hata katika kasi kubwa, huenda kapasita yake imechoka, na hiyo ni kazi ya fundi.

Halijoto ya chumba nayo ipimwe. Viyoyozi vingi vya aina hii havikukusudiwa kufanya kazi chumba kikiwa chini ya nyuzi 16 au 18. Mashine iliyonunuliwa kwa matumizi ya pwani, kisha ikahamishiwa Njombe au Lushoto na kuwashwa usiku wa mwezi wa Julai ili "kukausha hewa", itaganda bila ya kuwa na ubovu wowote.

Ikiwa hayo yote ni sawa na barafu bado inarudi, kuna uchunguzi wawili ambao hauhitaji geji wala kufungua bomba lolote, na thamani yake ni kubwa kuliko maneno mengi. Wa kwanza ni kuiangalia sura ya barafu. Mashine iwashwe ikiwa kavu, na koili itazamwe katika dakika 10 hadi 20 za mwanzo. Sakitu ikitanda kwa usawa katika uso mzima wa koili, shaka iwekwe juu ya hewa. Ikianza kwenye kona moja, mahali inapoingilia neli nyembamba, huku sehemu nyingine ikibaki kavu na yenye joto, shaka iwekwe juu ya gesi au juu ya neli hiyo. Anayekuja kutazama baada ya saa nne hatajifunza kitu, kwa sababu wakati huo kila mahali ni barafu.

Uchunguzi wa pili ni wa vipimajoto viwili. Kimoja kiwekwe mbele ya chujio hewa inapoingilia, kingine kwenye mdomo wa kutolea upepo, na visomwe baada ya dakika 15, kabla barafu haijajengeka. Joto linaloondolewa katika hewa kwa kila sekunde ni zao la kilo za hewa zinazopita, uwezo wa hewa wa kuchukua joto, na tofauti ya halijoto. Hewa ikiwa kidogo, tofauti huwa kubwa lakini upepo ni hafifu: hewa inayopita imepozwa vizuri, ila ni chache. Gesi ikiwa pungufu, upepo huwa na nguvu lakini tofauti ni ndogo, pengine nyuzi 3 au 4 tu, ilhali mashine nzima hutoa nyuzi 8 hadi 12, au zaidi hewa ikiwa kavu. Mtu mwenye kipimajoto kimoja anaweza kukihamisha. Haigharimu chochote.

Kuna chanzo kingine ambacho hufichika. Mashine nyingi zina kihisi kidogo, mfano wa punje ya mtama iliyofungwa kwenye waya mbili, kilichobanwa juu ya koili ya baridi. Kazi yake ni kuisimamisha kompresa pale koili inapokaribia sifuri. Kikichomoka mahali pake wakati wa kusafisha, hupima hewa badala ya koili, na hakiwezi kutoa onyo. Kihisi hiki ni kikinzani ambacho ukinzani wake hupungua halijoto inapopanda. Mashine ikiwa imechomolewa katika umeme, na waya za kihisi zimetolewa katika soketi yake, mwalimu wa fizikia aweza kukipima kwa mita: katika bilauri ya maji yenye barafu ukinzani wake utakuwa takriban mara tatu ya ule wa nyuzi 25. Kisipobadilika, au kikionyesha ukinzani usio na mwisho, kimekufa, na bei yake ni ndogo.

Gesi isiyonuka

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Mabomba yamelehemiwa, na kiasi kilichowekwa kiwandani hutosha kwa maisha yote ya mashine. Ikiwa imepungua, lipo tundu. Na kuongeza gesi bila ya kulitafuta tundu na kuliziba ni kutia maji katika pakacha. Fundi anayefika akiwa na mtungi wa gesi mkononi, akaanza kazi kabla ya kulichomoa chujio, ameleta dawa kabla ya kumwona mgonjwa.

Zamani hasara ya mchezo huo ilikuwa fedha na anga. R-22, iliyotawala katika viyoyozi kwa miaka mingi, huharibu tabaka la ozoni, na kilo moja yake huipasha dunia joto zaidi ya kilo 1,700 za kabonidayoksaidi. Kwa ajili hiyo gesi za namna yake ziliwekewa mpango wa kuondolewa kufuatia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na gesi zilizochukua nafasi yake, ambazo hazidhuru ozoni lakini nazo huipasha dunia joto, ziliwekewa mpango wa kupunguzwa na Marekebisho yaliyopitishwa Kigali, Rwanda, mwezi wa Oktoba 2016. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuanzia mwaka 2020 uuzaji wa viyoyozi vipya vya kuhamishika vyenye gesi kali za aina hiyo, na watengenezaji wakageukia propani, ambayo katika viyoyozi huitwa R-290. Kwa anga ni nafuu kubwa sana. Lakini propani huwaka.

Hesabu yake si ngumu. Gramu 250 za propani zikitoka zote katika chumba chenye nyuzi 27 huchukua ujazo wa lita 140. Propani huanza kuwa na uwezo wa kuwaka ikifikia asilimia 2.1 ya hewa. Lita 140 zaweza basi kufanya zaidi ya mita 6 za ujazo za mchanganyiko wa kuwaka, na kwa kuwa propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, hutuama chini, sakafuni, pale penye soketi za umeme na miguu ya watu. Gesi ya kupikia hutiwa harufu mbaya makusudi ili ivujapo ijulikane. Propani ya viyoyozi kwa kawaida haitiwi harufu hiyo. Mtu anayengoja kunusa atangoja bure.

Kwa hiyo kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuigusa. Kikiwa na maandishi R-290 na alama ya mwali wa moto, mashine hiyo haifunguliwi bomba wala kulehemiwa na mtu asiyefunzwa kazi ya gesi zinazowaka, na ikishukiwa kuvuja, ichomolewe wakati chumba kimekwisha kufunguliwa madirisha, au umeme ukatwe kwenye swichi kuu, kisha itolewe nje penye hewa. Isijazwe gesi ya kupikia. Wapo wanaofanya hivyo kwa hoja kwamba "ni propani ile ile". Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, una unyevu na uchafu, na butani huchemka karibu na sifuri ikiwa katika kanieneo ya kawaida, tofauti kabisa na propani. Zile namba za ubaoni hazitaufuata. Na unyevu wake utaganda katika neli nyembamba, na barafu aliyokuja kuitibu itahamia ndani ya bomba.

Kipimo cha darasani

Shule yenye kiyoyozi kinachoganda inayo maabara bila kujua. Sinia iwekwe chini yake, barafu iyeyushwe, na maji yapimwe kwa mizani. Na ichukuliwe kwamba yamepatikana kilo 1.2. Kuyeyusha kilo moja ya barafu huhitaji kilojouli 334; kwa hiyo barafu yote ilihitaji kilojouli 400. Feni ikipitisha mita za ujazo 250 za hewa kwa saa, na hewa hiyo ikapozwa kutoka nyuzi 27 hadi 15 na barafu yenyewe, joto hutolewa kwa kasi ya wati 1,000, na barafu ingepaswa kwisha katika muda usiofika dakika 7.

Saa itaonyesha nusu saa au zaidi. Wanafunzi waulizwe ni lipi kati ya makadirio yale lililokosea, na ikiwa unyevu unaodondoka juu ya barafu wakati wa kuyeyuka huharakisha kazi au huichelewesha. Kisha wakokotoe joto ambalo mashine iliondoa ili kuugeuza mvuke wa kilo 1.2 kuwa barafu, kilojouli 2,500 kwa kila kilo ya mvuke kuwa maji na 334 kwa kila kilo ya maji kuwa barafu, na wagawe kwa wati 2,500. Watapata karibu dakika 23 za kazi ya mashine nzima. Maji yaliyodondoka kabla ya koili kuganda hayamo katika hesabu hii, na anayetaka kuyajumlisha na aweke ndoo mapema, kabla ya kuwasha.